Neno la Siri Si Sahihi

Mama Vifungo alikuwa wa kwanza kufika uani, na mlango aliugonga kwa simu yenyewe, kama vile mlango ndio uliomkosea.

"Bi Kompyuta! Hebu toka uje unieleze. Simu yangu inaniita mwongo!"

Bi Kompyuta alitoka na mswaki mdomoni. Jina hilo alibandikwa na mafundi cherehani wa chama cha mama mkwe wake, kwa kuwa kila walipopita dirishani walimkuta kaiinamia kompyuta, na hakuna aliyejua hasa anafanya nini humo zaidi ya kwamba ukimuuliza, unajuta kuuliza. Alisukutua haraka, akaipokea simu. Katikati ya kioo palikuwa na maandishi mekundu: Neno la siri si sahihi.

"Haikuiti mwongo, dada. Inasema neno la siri..."

"Si sahihi. Nimesoma. Kwa hiyo mimi si sahihi? Mimi niliyeanza na chama hiki tangu kina cherehani moja ya mkono?"

"Umeandika neno gani?"

"Mimi? Mimi sijaandika kitu. Ameandika Mwenyekiti. Ameandika, imekataa. Ameandika tena, imekataa. Mwenyekiti mwenyewe anakataliwa! Ndipo akasema, nenda nyuma kamwamshe huyo."

"Huyo" alikuwa yeye, na Mwenyekiti alikuwa mama mkwe wake. Katika nyumba ile watu wote walimwita Mwenyekiti, hata mwanawe wa kumzaa, na mwenyewe hakuona ajabu. Chumba cha mbele kilikuwa ofisi na karakana ya chama, vyumba vya nyuma vilikuwa vya familia, na ukuta uliovitenga haukuwahi kuzuia neno lolote kupita. Kabla Bi Kompyuta hajamaliza kujifuta mdomo, sauti ya mama mkwe wake ilishamfikia kutoka huko mbele: "Subirini, anakuja. Jana alikuwa mzima na mashine ilikuwa nzima. Leo yeye mzima, mashine mgonjwa. Hesabu mnajua wenyewe."

Na siku yenyewe ilikuwa mbaya kuliko zote kwa balaa la namna hiyo. Kampuni iliyowapa kazi ya kushona sare za shule ilikuwa imetangaza mgao wa muhula mzima asubuhi ile, kwenye tovuti ya chama, na kila fundi alitakiwa aingie kwa jina lake abonyeze "Nakubali" kabla ya saa sita mchana. Asiyekubali, sehemu yake inapelekwa kiwandani, na hakuna majadiliano. Muhula bila sare ni muhula wa kutia viraka suruali za majirani na kupita dukani ukiwa umeinamisha kichwa.

*

Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa. Cherehani zote zilikuwa zimefunikwa, watu wamekaa juu ya marobota ya vitambaa, na mbele ya Mwenyekiti, juu ya meza ya kukatia, simu zilikuwa zimepangwa foleni kama wagonjwa. Ndivyo mambo yalivyofanyika siku zote. Mwenyekiti ndiye aliyewasajili wote tangu tovuti ilipoanza, ndiye aliyewawekea maneno ya siri, na simu ya mtu ikijifunga, mtu humletea, naye hugeuka pembeni kidogo, akabonyeza, akamrudishia. "Haya, nimekufungulia." Watu walishukuru. Wengine walishukuru kwa mfuko wa matunda. Fundi wa kwanza aliyeitengeneza tovuti ile, kabla hajapata kazi kwingine akahama, alikuwa ameweka kitufe cha "Nimesahau neno la siri". Mwenyekiti aliamuru kifichwe. "Cha nini? Kwani mimi nimekufa?"

Sasa alikuwa amebonyeza mpaka kidole kimechoka, na kila simu ilimtolea maandishi mekundu yale yale mbele ya watu wake.

"Jana mchana," alisema bila kumtazama mkwewe, "ulikuwa unafanya nini kwenye ile kompyuta?"

"Nilikuwa nayasaga maneno ya siri, mama."

"Unayasaga."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Yalikuwa yamekaa wazi," alisema Bi Kompyuta. "Mtu yeyote akiingia kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayobeba tovuti yetu, anayasoma kama bango la barabarani. Kwa hiyo yanasagwa, kama mahindi. Wewe ukiandika neno lako, mashine inalisaga na hilo, halafu inalinganisha unga na unga. Mwizi akiiba, anaiba unga tu. Na unga huwezi kuurudisha ukawa mahindi."

"Na nani alikutuma mashineni?"

Safari hii walicheka waziwazi. Bi Kompyuta alisikia masikio yanamuwaka moto. Hakutumwa na mtu, na hilo ndilo lililomuuma. Juzi alipolifungua jedwali la wanachama kwenye hifadhidata, aliona safu nzima ya maneno ya siri yamejianika, akageuza macho upesi kama mtu aliyepita kwenye mlango wa bafu uliosahauliwa wazi. Hakusoma hata moja. Alijiambia jambo hili lisimalize wiki. Akaandika msimbo wa kuyasaga, akaujaribu kwenye kompyuta yake, ukakubali kila alipoujaribu. Akaupeleka kwenye seva akiwa na furaha ya mtu aliyefanya wema gizani, akaenda kupika.

"Nitarekebisha, mama."

"Utarekebisha," alisema Mwenyekiti. "Binti, hawa watu hawali 'nitarekebisha'. Wana watoto."

*

Alirudi chumbani, akakaa mbele ya kompyuta. Mumewe akamfuata. Yeye ndiye aliyekuwa mkataji wa vitambaa wa chama, kwa hiyo watu walimwita Mkasi, ingawa kwa upole wake jina la Sindano butu lingemfaa zaidi. Alisimama nyuma ya kiti cha mkewe, akihema.

"Usisimame hapo."

"Nasimama tu."

"Ndiyo, usisimame tu."

Akasogea hatua moja, akaendelea kuhema. Bi Kompyuta aliiuliza hifadhidata swali la kwanza, jepesi: je, fundi mwenye namba hii ya simu yupo? Yupo. Ilimrudishia Mama Vifungo mzimamzima, jina lake, namba yake na siku aliyojiunga. Kwa hiyo anajulikana. Ni pale unga unapolinganishwa na unga ndipo mlango unapofungwa. Alidhani labda simu zinageuza herufi ya kwanza kuwa kubwa zenyewe, akajaribu, sivyo. Alidhani labda nafasi tupu imejibana mwishoni mwa neno, akaikata, bado. Akambuni mtu wa uongo, akamsajili kwenye kompyuta yake, akaingia bila tabu. Akamsajili mtu huyo huyo kwenye seva. Neno la siri si sahihi.

"Hapa inakubali, kule inakataa," alinong'ona. "Na msimbo ni ule ule."

"Labda kule hawamjui," alisema Mkasi.

"Hata hapa hawamjui. Nimemtunga sasa hivi."

"Basi mwache apumzike, wamwingize mama."

Huko mbele simu zilikuwa zinalia, mtu akiuliza kwa sauti kama ni kweli kiwanda kimeshaanza kupewa majina. Bi Kompyuta aliuweka unga wa neno moja juu ya kioo, ule wa nyumbani juu, ule wa seva chini yake, mstari kwa mstari. Hapo ndipo macho yalipofunguka. Unga wa neno lolote, liwe fupi au refu, ulipaswa kutoka na herufi sitini. Wa nyumbani ulikuwa na sitini. Wa seva ulikuwa na arobaini. Yule fundi wa kwanza alikuwa ameitengenezea safu ya maneno ya siri nafasi ndogo, na seva, bila kumwambia mtu, ilikuwa imekata kila kilichozidi na kukitupa.

"Imekata," alisema. "Safu ni nyembamba. Niliipima ya hapa, ya kule sikuipima."

Mkasi alimwelewa mara moja, na uso ukamshuka. "Umekata kitambaa kabla ya kumpima mtu."

"Ndiyo."

"Si uviunge basi vipande?"

"Vipande havipo. Havikuhifadhiwa popote."

Alipiga simu kwenye kampuni ya sare. Karani alimsikiliza huku akitafuna kitu. Bi Kompyuta alijieleza, akaomba waongezewe nusu saa tu, akaomba tena kwa sauti ndogo zaidi.

"Dada, wewe ndiye mtaalamu wa mfumo huko kwenu?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Basi unajua kwamba mfumo ukifunga, umefunga. Au wenu huwa haufungi?" Karani alikicheka kichekesho chake mwenyewe, akakata simu.

*

Lakini alikuwa na nakala. Kabla ya kusaga chochote alikuwa amelinakili jedwali lote kama lilivyokuwa, akaliweka kwenye kompyuta yake. Angeweza kuipanua safu ya kule kwenye seva, akachukua maneno yale ya zamani, akayasaga upya, na kila kitu kingetengamaa kabla chai haijapoa. Mkasi alipolisikia hilo alipiga makofi mara moja, akakimbia mbele kumwambia mama yake.

Bi Kompyuta aliifungua nakala ahakikishe ni nzima. Safari hii macho yalichelewa kugeuka.

Mbele ya namba ya Mama Vifungo paliandikwa mlalamishi. Mbele ya fundi wa suruali, yule mpole ambaye hakuna aliyewahi kugombana naye, paliandikwa mzembe. Mjane wa kola alikuwa kiherehere. Kulikuwa na mnafiki, kulikuwa na mchoyo, kulikuwa na ndimimbili. Safu ilishuka hivyo hivyo mpaka chini, kila mtu na kasoro yake, na kila mmoja wao alikuwa ameipeleka simu yake mwenyewe kule mbele aandikwe hivyo, kisha akasema ahsante. La Mwenyekiti mwenyewe lilikuwa mwenyekiti. La Mkasi lilikuwa wangu. Na mstari wa chini yake, mbele ya namba yake yeye, aliyekuwa mwanachama kwa ajili ya kazi ya kupiga pasi sare zilizokamilika, paliandikwa mgeni.

Miaka saba alikuwa amepika katika jiko lile. Alimuuguza yule mama mguu ulipovunjika, alimkanda, alimbeba kumpeleka msalani. Alizika ndugu zao kama ndugu zake. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe yeye alilikuta mlangoni siku ile ile aliyofika. Kumbe kila mara alipopeleka simu yake na kusema "Mama, nifungulie", mama aligeuka pembeni kidogo, akamwandika mgeni, akamrudishia huku akitabasamu. Iliuma. Na lile la mumewe liliuma zaidi, kwa jinsi lilivyokaa juu ya lake, limejituliza.

Mkasi aliporudi, alimkuta ameifunika kompyuta.

"Mama anasema rudisha upesi."

"Nikirudisha, yanarudi yale yale."

"Si ndiyo tunataka?"

"Wewe la kwako unalijua?"

"Silijui. Mama analijua."

"Na huoni tatizo hapo?"

"Mimi naona saa, mke wangu. Naona saa tu." Alijipangusa jasho. "Au basi wabonyezee wewe huko huko ndani. Si unaweza kuwakubalia wote?"

"Naweza," alisema. "Ndiyo maana sitaki. Leo nikimkubalia mtu kazi, kesho ikimshinda atasema nani alimkubalia?"

"Usimkorofishe mama. Leo usimkorofishe."

Aliipanua ile safu, akamsajili tena yule mtu wake wa uongo kwenye seva, na mtu wa uongo akaingia kama yuko kwao. Kisha akakitafuta kile kitufe kilichofichwa cha "Nimesahau", akakirudisha mahali pake. Akachukua kompyuta, akaenda mbele.

*

"Nimepata kosa," aliwaambia. "Ni langu mimi. Sikupima nafasi ya kule kwenye seva, ikayakata maneno. Nawaomba radhi."

Watu walinung'unika, lakini si kwa ubaya. Mwenyekiti aliinua mkono wakanyamaza.

"Aliyekiri amekwisha kukiri. Sasa yarudishe yale ya zamani. Unayo?"

"Ninayo, mama."

"Si hayo basi!" Aliwageukia watu, amefungua mikono. "Anayo. Haya, yarudishe nianze kuwafungulia."

"Ngoja kwanza," alisema Mama Vifungo kutoka juu ya robota lake. "Kama anayo, si atusomee tu, kila mtu aandike lake? Sisi tuko wengi, Mwenyekiti kidole chako kimoja, na saa ndiyo hiyo inakimbia. Mimi tangu niingie chama hiki langu sijalijua."

"Hata mimi!"

"Tusomee, Bi Kompyuta."

"Anza na la kwangu, nina mgonjwa nyumbani."

"Hakuna kusomewa," alisema Mwenyekiti upesi. "Ni maneno ya siri. Siri inasomwa hadharani?"

"Siri ya nani, Mwenyekiti," aliuliza Mama Vifungo, "kama mwenyewe siijui?"

Bi Kompyuta alimtazama mama mkwe wake, akaona kitu ambacho miaka yote hakuwahi kukiona katika uso ule. Yule mama alikuwa anaogopa. Macho yake yalikuwa kwenye kompyuta, yakienda kwenye simu, yakirudi kwenye kompyuta, na mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza. Tusidanganyane, dakika ile ilikuwa tamu. Kusoma tu, kwa sauti ya upole, moja baada ya jingine, jina na neno lake, na uenyekiti ungekwisha kabla hajafika katikati ya ukurasa. Mkasi, mlangoni, hakujua lolote, lakini alikuwa ameanza kutikisa kichwa kumsihi.

"Nitasoma moja," alisema Bi Kompyuta. "La kwangu, kwa kuwa ni langu. Neno langu la siri lilikuwa mgeni."

Macho yote yakamgeukia Mwenyekiti. Halafu Mwenyekiti, ambaye hakuupata uenyekiti kwa bahati, akajikusanya.

"Na mgeni ni tusi? Mgeni ni baraka! Si tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone?"

"Miaka saba, Mwenyekiti?" alisema Mama Vifungo. "Mwenyeji ana ugonjwa gani huo usiopona?"

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Watu walipigana mabega, mjane wa kola akajifuta machozi. Fundi wa suruali alicheka nao, kisha akawa wa kwanza kuacha. Akamtazama Mwenyekiti, akaitazama simu yake mezani.

"La kwangu je?" aliuliza polepole. "La kwangu lilikuwaje?"

Kicheko kikazimika kwa mtu mmoja mmoja, watu wakaanza kuulizana kwa macho.

"Nayafuta," alisema Bi Kompyuta. Aliigeuza kompyuta wote waione, akaifuta ile nakala, akaifuta na kule zinakokwenda zilizofutwa. Kichwani yalibaki, kwa bahati mbaya, kwa kuwa kichwa hakina kitufe cha kufuta. "Hayapo tena. Sasa nisikilizeni. Kila mmoja abonyeze 'Nimesahau'. Utaletewa namba kwa ujumbe, iandike, halafu jiwekee neno jipya mwenyewe. Usiniambie mimi. Usimwambie jirani yako. Usimwambie Mwenyekiti."

Sentensi hiyo ya mwisho haikuwahi kusemwa katika chumba kile. Mwenyekiti aliichukua simu yake kutoka kwenye foleni, akapita katikati ya watu bila kumgusa mtu, akaenda nyuma.

*

Kilichofuata kilikuwa vurugu tupu. Watu walitawanyika kutafuta pembe za kujificha. Mmoja aligeukia ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, mwingine alijifunika kichwa kwa kitambaa cha sare, na mjane wa kola alijifungia msalani mpaka wakamgongea. Ujumbe wa mmoja ulichelewa, akaanza kumlaani mkwe wa watu. Fundi wa suruali aliuliza kwa sauti, "Jamani, 'matumaini' inaandikwa na i moja au mbili mwishoni?" Wote wakamzomea kwa pamoja kwamba sasa wamelijua, ikabidi aanze upya na neno jingine, huku akiililia bahati yake. Bi Kompyuta alizunguka kutoka pembe hadi pembe, akielekeza na macho yake yakiwa darini.

"Langu lilikuwa nini?" Mkasi alimnong'oneza alipopita karibu naye. "Niambie mimi tu."

"Zuri," alisema. "Lako lilikuwa zuri kuliko yote."

Mkasi alitabasamu kama mtu aliyesifiwa shati, akarudi kuwahimiza watu. Bi Kompyuta alimsikitikia, na hakuwa amepanga kumsikitikia.

Kwenye ukurasa wa mgao, majina yaliyokubali yaligeuka kijani moja baada ya jingine. Kila lilipogeuka moja, watu walishangilia kama bao limefungwa. Mama Vifungo alikubali, akaibusu simu yake. Mwishowe likabaki jina moja jekundu, la juu kabisa, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kulitaja. Sehemu yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

"Nimemwambia," alisema Mkasi akitoka nyuma. "Ameniambia nitoke mbele ya uso wake. Kampuni itampokonya! Nenda wewe."

"Atanisikiliza mimi?"

"Nenda hivyo hivyo."

*

Mwenyekiti alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, simu ameilaza kifudifudi juu ya goti.

"Mama, muda umekaribia kwisha."

"Nimeona."

"Namba imeshakuja kwenye simu yako. Kilichobaki ni neno tu."

"Umeniaibisha mbele ya watu wangu."

"Nimesoma la kwangu tu, mama."

"Bora ungeyasoma yote! Sasa kila mtu anajitungia lake kichwani, na hilo atakalojitungia ni baya kuliko nililoandika mimi."

Hilo lilikuwa kweli, na Bi Kompyuta hakuwa amelifikiria. Aliegemea mlango. Alikuwa amechoka, hakuwa na nguvu tena za kupanga maneno.

"Kwa nini uliandika vile, mama?"

"Namba mimi sizishiki. Majina yanafanana. Lakini mtu nikimwona uso, neno lake linanijia lenyewe. Sikosei. Watu wote hao, na sijasahau hata moja." Alilisema kwa fahari kidogo, kisha fahari ikamwisha. "Nimekaa hapa najitafutia langu. Halinijii."

Akaigeuza simu, akamsukumia mkononi.

"Niandikie wewe. Lolote lile. Fanya haraka."

Bi Kompyuta akaipokea. Kisanduku kilikuwa wazi, mstari mdogo unapepesa ndani yake. Alimtazama mama mkwe wake usoni ili apate neno, na neno likaja. Lilikuja lenyewe, upesi, bila kutafutwa, na lilikuwa neno baya. Kidole kilishagusa herufi ya kwanza. Akaona aibu, aibu ya kweli, mpaka shingo ikamuwaka.

Aliifuta ile herufi, akamrudishia simu.

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini? Si ndiyo kazi uliyosomea?"

"Neno lako nimelipata. Ndiyo maana siwezi."

Mwenyekiti alimtazama muda mrefu, muda ambao hawakuwa nao.

"Ni baya kuliko mgeni?"

"Baya zaidi, mama. Mbali kabisa."

Kicheko kilimponyoka yule mama kabla hajakizuia. Alijiziba mdomo, lakini mabega yaliendelea kutikisika, na macho yakamjaa maji ambayo si yote yalikuwa ya kucheka.

"Basi wewe si mgeni," alisema. "Mgeni hamjui mtu kiasi hicho."

Kutoka mbele Mkasi alikuwa anapiga kelele kwamba bado dakika moja, mama, dakika moja jamani. Mwenyekiti aliiweka simu vizuri juu ya magoti, akanyoosha kidole.

"Haya, geukia ukutani. Na masikio uyageuze."

Bi Kompyuta akageuka. Nyuma yake kidole kilianza kugonga kioo, kikasita, kikafuta, kikaanza tena, safari hii bila kusita. Kisha chumba cha mbele kikalipuka kwa vigelegele.